Usimpakie Kanga Madoa Mapya: Namna ya Kutunza Picha za Zamani za Mtaani

Mwaka 2003 kijana mmoja aliniletea picha ya kanga wawili kwenye kibanda changu cha fremu, Msasani. Kanga ndege, si kanga nguo. Ilikuwa picha ya hadibodi, futi mbili kwa mbili, mali ya marehemu baba yake. Ilikuwa imetundikwa miaka mingi sebuleni, na upande wa pili wa pazia palikuwa na jiko la mkaa. Rangi ya njano ya nyuma ya ndege ilikuwa imeshageuka kama chai ya rangi iliyolala. Akaniambia, "Mama, nisafishie tu, halafu uitie fremu."

Nikachovya kitambaa kwenye thina, nikapangusa. Mara ya kwanza ulitoka moshi. Mara ya pili yakatoka madoa ya kanga. Nilipokigeuza kitambaa niliyaona pale, meupe, yamekokotana.

Siku hiyohiyo nikakosea tena. Nikachukua brashi na kopo la rangi nyeupe, nikampakia yule ndege madoa mapya, ya mviringo, yamejipanga vizuri. Kijana alipokuja kuichukua aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Huyu si kanga wa baba." Sikuchukua hela yake. Tangu siku ile, kila picha ya zamani inayoingia kibandani kwangu naipokea kwa sharti moja: haifanywi mpya. Inazuiwa isizidi kuharibika, basi. Haya ninayoyaandika yote yametoka kwenye sharti hilo, na ni ya mtu wa kawaida mwenye picha ukutani, au ofisi ya mtaa, shule, ukumbi wa kanisa, kinyozi mwenye kibao cha tangu enzi za baba yake.

Kwanza ujue umeshika nini

Huku kwetu picha nyingi za zamani ni za rangi ya mafuta, ileile ya kopo inayopakwa milango na baiskeli, juu ya hadibodi. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora hivyo hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na kazi zake zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, kwa hiyo miaka yake ya kuchora ilikuwa michache sana. Ndugu zake na vijana aliowafundisha ndio walioendeleza, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Picha zao nyingi zilinunuliwa na wageni zikaenda zao ng'ambo. Zilizobaki kwenye nyumba za watu wa kawaida ni chache, na ndizo zinazokaa juu ya jokofu zikipigwa na mvuke wa ubwabwa.

Kipimo cha futi mbili kwa mbili si bahati. Shiti ya hadibodi ni futi nne kwa nane. Ukiikata hivyo unapata vipande vinane bila kutupa hata ukanda. Hadibodi yenyewe ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa joto na mgandamizo. Upande mmoja laini, wa pili mara nyingi una alama kama wavu. Adui yake wa kwanza ni maji ya pembeni: tone likiingia kwenye ukingo uliokatwa, nyuzi hunywa, zinavimba, zinafumuka kama mkate uliolowa, na hazirudi tena.

Rangi yake nayo ina tabia yake. Inaonekana ngumu, lakini kwenye joto la Januari na Februari hulainika kidogo na kunata. Ndiyo maana picha iliyofungwa kwa nailoni au gazeti hubeba mikunjo na herufi za gazeti juu ya tumbo la twiga. Na ndiyo maana kioo kisigusane na rangi. Ukilazimika kuweka kioo, fundi aweke kijiti chembamba cha mbao kuzunguka ndani ya fremu, kati ya kioo na picha, hewa ipite.

Kama yako imechorwa kwenye kitambaa kilichovutwa juu ya fremu ya mbao, mengi ya hapa yanakufaa, ila usikibonyeze kitambaa kwa nyuma na usikilowanishe kabisa. Kitambaa hunywa maji, hunywea, na rangi haina pa kwenda isipokuwa kubanduka.

Daftari kabla ya kitambaa

Kabla hujagusa chochote, toa picha ukutani, ilaze juu ya meza yenye shuka safi, na uipige picha kwa simu. Mbele, nyuma, kila pembe, na sahihi kwa karibu. Kisha funga madirisha, washa tochi na uishike pembeni, mwanga ulale juu ya picha kama jua la saa kumi na mbili asubuhi. Hapo ndipo utaona: rangi iliyoinuka kama magamba, mpasuko mwembamba, mahali palipowahi kupakwa upya na mtu mwingine. Mahali pa magamba patie alama kwenye mchoro wako daftarini. Hapo hutapagusa, hata kwa brashi.

Nunua daftari la kaunta. Kila picha ipewe ukurasa: vipimo, imechorwa juu ya nini, nani aliinunua, wapi, mwaka gani kama unajulikana, imeharibika wapi, umefanya nini, tarehe. Andika kwa penseli, wino hutawanyika ukilowa. Wazee wahojiwe wakiwa hai. Bibi mmoja jirani yangu alinieleza kuwa chui wake alichorwa na mpangaji wao aliyeshindwa kulipa kodi ya miezi miwili. Hilo halikuandikwa popote. Sasa limo kwenye daftari.

Mgongo wa picha una maneno kuliko mbele. Karatasi ya bei, mhuri wa duka, namba ya chaki, jina lililoandikwa kwa mkaa: usibandue, usifute, usipake rangi juu yake eti pawe pasafi. Nimeona fundi wa fremu akipaka mgongo mzima rangi ya kahawia ili "upendeze". Alifuta cheti cha kuzaliwa.

Nimeona pia kibaya zaidi: picha iliyokatwa kwa msumeno inchi moja chini ili iingie kwenye fremu iliyokuwa tayari dukani. Ile inchi moja ndiyo iliyokuwa na sahihi. Fremu hupimwa kwa picha. Fundi akikwambia "tutaipunguza kidogo", chukua picha yako uondoke.

Kusafisha

Anza na kukavu. Simamisha picha, iinamishe kidogo mbele ili vumbi lianguke chini lisirudi usoni mwake. Tumia brashi laini kabisa, ya kupakia poda ndiyo nzuri, mpya, ambayo haijagusa poda. Pitisha kutoka juu kwenda chini kama unampangusa mtoto aliyelala. Nyuma pia, hasa kwenye kona za fremu, ambapo kuna utando wa buibui, mayai ya mjusi kafiri na mchanga wa miaka. Vumbi likishatoka, picha nyingi hazihitaji zaidi ya hapo. Kaa siku mbili uitazame kabla ya kuamua kuendelea. Naomba uzitoe kweli hizo siku mbili.

Ukiamua kuendelea kwa sababu ya moshi na vidoa vya nzi, utashangaa kusikia kuwa dawa ya kwanza ni mate. Watunza picha wamekuwa wakiyatumia tangu zamani, na mwaka 1990 watafiti wa Ureno walichapisha kazi yao wakieleza kwa nini yanafaa: ndani ya mate kuna kimeng'enya cha amilesi, kinacholegeza uchafu taratibu bila ukali wa kemikali. Usiwe umetoka kula, kunywa kahawa wala kutafuna chochote. Sukutua kwa maji matupu kwanza. Chukua kijiti cha mshikaki, kata ncha kali, zungushia pamba safi iwe mnene kama punje ya zabibu. Ilowanishe kwa mate kidogo, kisha iviringishe juu ya uchafu. Iviringishe, usisugue. Ukisugua, mchanga uliokwama kwenye pamba unakuwa msasa. Pamba ikibadilika rangi, itupe, weka nyingine. Picha moja ya futi mbili inaweza kula pamba mia na siku tatu za kazi.

Kabla ya yote hayo jaribu mahali pasipoonekana, pembeni, eneo lisilozidi ukucha wa kidole kidogo. Na jaribu kila rangi peke yake, kwa sababu nyekundu inaweza kutoka hali ya kuwa nyeusi haitikisiki. Pamba ikitoka na uchafu wa kahawia au kijivu, endelea. Ikitoka na rangi ya picha yenyewe, simama hapohapo. Umemaliza, na picha itabaki na moshi wake.

Baada ya mate pitisha pamba nyingine yenye unyevu wa maji yaliyokenekwa (distilled water), iliyokamuliwa hadi haitoi tone, kisha pamba kavu. Kaa mbali na kingo za hadibodi. Hapa nina onyo la kweli: maji haya yanunue duka la dawa, na usome chupa. Ukienda gereji ukasema "nipe maji ya betri", unaweza kupewa maji na unaweza kupewa asidi. Chupa zinafanana.

Vidoa vya nzi ni vigumu kuliko moshi. Weka pamba yenye mate juu ya kidoa, hesabu hadi thelathini, viringisha. Kikitoka, vizuri. Kisipotoka mara tatu, kiache. Kukikwangua kwa ukucha au wembe kunaacha shimo, na shimo linaonekana kuliko kidoa cha nzi.

Usitumie thina, petroli, tapentaini, spiriti, sabuni ya unga, limau, kitunguu wala kipande cha mkate. Najua kila mtaa una mtu anayeapa kwa kitunguu. Kinasafisha leo, kisha kinaacha majimaji na harufu inayoalika mende na sisimizi. Na usipake vanishi ya mbao ili picha ing'ae. Inang'aa mwaka mmoja, halafu inageuka manjano, na haitoki bila kuondoka na rangi iliyo chini yake.

Kuvu, wadudu na nailoni iliyonata

Masika ikiingia, hewa ya pwani hubaki na unyevu wiki nzima, na kuvu hupenda unyevu unaozidi asilimia 65. Utaiona kama vumbi la kijivu au kijani, au utaisikia kwa pua kabla ya macho. Itenge picha hiyo na nyingine siku hiyohiyo. Usiipanguse ikiwa imelowa, utaisambaza na kuipachika. Iweke kwenye kivuli chenye upepo, feni ielekezwe pembeni, si usoni mwa picha, mpaka kuvu ikauke iwe unga. Kisha ipeleke nje, vaa barakoa, na uitoe kwa brashi laini, upepo ukikupuliza kutoka mgongoni. Brashi hiyo isiguse picha nyingine. Jua kali la mchana si dawa, ingawa kila mtu atakushauri uianike picha: hadibodi hupinda kama papadi na rangi zinapauka.

Ukikuta unga mwembamba kama wa muhogo chini ya picha na matundu madogo kwenye fremu, kuna mdudu anayebungua mbao. Tenganisha fremu na picha. Fremu tupu, ifunge kwa nailoni mara mbili bila kuacha hewa nyingi, iweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Mimi huomba nafasi kwa jirani yangu auzaye samaki. Umeme ukikatika muda mrefu, hesabu upya tangu mwanzo, maana mdudu anayepoozwa polepole huzoea. Ukiitoa, usiifungue mpaka ifikie joto la chumba, kesho yake, la sivyo jasho la baridi litailowanisha. Picha yenyewe usiitie kwenye friza. Rangi huwa ngumu na kukatika. Kama fremu ni ya kawaida na imeliwa sana, ichome, utengeneze nyingine. Mchwa ni habari tofauti: hao wako ukutani kabla ya kuwa kwenye picha, na ukitibu picha peke yake umepoteza muda.

Nailoni iliyonata kwenye rangi ndiyo inayoletwa kwangu kuliko tatizo lolote, na jibu langu huwaudhi wateja: subiri Julai. Asubuhi mapema za Juni mpaka Agosti ndizo baridi zaidi tulizo nazo hapa Dar, na rangi huwa imekaza. Laza picha, anza kwenye kona isiyo na mchoro, ivute nailoni ikiwa imejikunja karibu kulala juu yake yenyewe, usiivute kwenda juu. Milimita kwa milimita. Rangi ikianza kuinuka, acha, kata nailoni iliyokwishatoka, na iliyobaki ibaki.

Magamba yakianguka, yaokote kwa ncha ya brashi, yatie kwenye bahasha ya kaki, andika yametoka sehemu gani, na bahasha ikae pamoja na daftari. Usiyabandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Picha yenye magamba mengi ikae imelala kifudifudi? Hapana, imelala chali, uso juu, kwenye boksi lenye mfuniko, mpaka ionwe na mtu aliyesomea kazi hii. Anza kwa kuuliza Makumbusho ya Taifa, pale karibu na Bustani ya Mimea. Huo si uvivu. Kuna mambo ambayo mikono yangu haiyajui, na picha yenye magamba ni mojawapo.

Ukutani

Chagua ukuta wa ndani, usiopigwa na mvua wala jua la dirishani, mbali na jiko na bafu. Gundisha vipande vya kandambili kuukuu kwenye kona za chini za mgongo wa fremu, unene wa sentimita mbili hivi, ili hewa ipite nyuma. Misumari miwili ni bora kuliko mmoja. Ya kuhifadhiwa stoo isimame kama kitabu, kadibodi katikati, juu ya mbao zilizoinuliwa kutoka sakafuni, kwa sababu mafuriko yetu hayapigi hodi. Ifunike kwa marikani iliyofuliwa mara mbili wanga ukatoka. Si nailoni, tafadhali.

Pale rangi ilipokwisha kutoka, pengo lilipo

Hapa ndipo watu hunibishia. Shule au kanisa wanataka picha yao ionekane nzima, na fundi rangi wa mtaani yupo, ana kipaji, na bei yake ni nafuu. Mimi husema mpeni kazi huyo fundi, lakini si juu ya picha ya zamani. Achore nakala. Kuchora tena picha aliyoichora mwingine si aibu kwenye mila hii ya rangi ya kopo; ndivyo vijana walivyojifunza tangu mwanzo. Aweke sahihi yake mwenyewe na mwaka wa leo. Nakala itundikwe ukumbini, ipigwe na moshi wa ubani na vumbi la sherehe. Ya zamani ikae chumba kikavu chenye ufunguo, itolewe siku za maana, ikiwa na pengo lake. Pengo halidanganyi mtu, na siku moja akija mtaalamu hatapoteza mwezi kumtoa fundi rangi juu ya kazi ya marehemu.

Yule bibi wa chui alikataa kwanza. "Mwanangu, chui hana sikio, nitamwonyeshaje mgeni?" Nikamwambia shikamoo tena, tukacheka, nikamwachia muda. Mjukuu wake ndiye aliyechora nakala, chui mwenye masikio mawili. Sasa wako nyumba moja.

Siku ya picha

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, natoa meza mbili barazani. Majirani wanaleta picha zao, tunazipiga picha kwa simu, tunajaza daftari, tunatoa vumbi. Hakuna maji siku hiyo, brashi tu. Kusafisha kwa mate ni kazi ya utulivu, si ya watu ishirini wanaoongea. Vijana wanashika simu na tochi, wazee wanasema. Picha za simu zinahifadhiwa sehemu mbili tofauti. Daftari haliachwi wazi mezani, kwa sababu lina majina na nyumba, na wanunuzi wanaopita wakitafuta kazi za zamani kwa bei ya kutupa wanajua kusoma. Mtu akitaka kuuza ni haki yake. Namwomba tu asiuze siku ileile aliyoambiwa bei.

Ukija, usiifunge kwa nailoni. Weka kadibodi mbili safi, moja mbele, moja nyuma, zizidi picha kwa vidole viwili kila upande, funga kwa kamba ya katani juu ya kadibodi, si juu ya rangi. Kama unakuja kwa bodaboda, ibebe katikati yako na dereva, uso umeelekea kwako, na mwambie mapema apunguze mwendo kwenye matuta.